Namba 926 na Jumapili za Bagamoyo

Kuna namba moja imenisumbua kwa muda mrefu: 926. Ni ujazo wa injini ya gari dogo, Daihatsu Charade 926 Turbo, lililotengenezwa Japani katikati ya miaka ya 1980. Yalitoka magari 200 tu. Kinachosumbua ni hiki: Charade ya turbo ya kawaida ilikuwa na cc 993, silinda tatu, injini ndogo tayari. Sasa nani anataka gari la mbio halafu anaanza kwa kupunguza injini?

Jibu liko kwenye hesabu. Sheria za rali za wakati ule zilisema gari lenye turbo ujazo wake uzidishwe kwa 1.4 kabla ya kupangiwa daraja. Zidisha 993, unapata 1,390. Umevuka mstari wa 1,300, unapigana na wakubwa. Zidisha 926, unapata 1,296. Umepona kwa cc nne! Na zile 200? Kundi B, kama lilivyoitwa, lilidai kiwanda kitengeneze walau magari 200 ya aina hiyo ndipo gari likubaliwe. Yaani gari alilonunua mtu wa kawaida dukani, akaendea kazini na sokoni, lilikuwa tiketi ya kiwanda kuingilia mashindanoni.

Ndiyo maana nayapenda matoleo machache ya enzi zile. Uchache wake ulikuwa na sababu. Siku hizi wanabandika stika mbili na kibati chenye namba kwenye dashibodi, basi, umeuziwa upekee.

Charade haikuwa mgeni Afrika Mashariki. Daihatsu walizipeleka Safari Rally mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1993 zikaleta maajabu: Toyota Celica zilishika nafasi nne za kwanza, na nafasi ya tano, ya sita na ya saba zikachukuliwa na Charade. Vigari vya kubebea mboga! Rali ile ilikuwa inavunja magari yenye nguvu mara mbili zaidi, lakini udogo na uvumilivu ukaifikisha Charade mwisho.

Hapa ndipo historia inaponiuma kidogo. Safari ilizaliwa 1953 ikiwa ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na sisi Watanzania tuna fungu letu. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam mwenye asili ya Uskoti, aliishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Ushindi wa pili ulikuja Pasaka ya 1967, wiki saba hivi baada ya Azimio la Arusha. Sijui kama kuna mwandishi wa riwaya angethubutu kupanga tarehe hizo mbili namna hiyo. Nchi imetoka kutangaza Ujamaa na Kujitegemea, na huku dereva wa mji wake mkuu anashangiliwa kwa kukimbiza gari.

Baada ya hapo mlango ukafungwa taratibu. Fedha za kigeni zikawa adimu, kuagiza gari binafsi ikawa ndoto, na lugha yenyewe ikatoa hukumu: mwenye gari kubwa akaitwa mbenzi, na wenzake wabenzi. Mpaka wa Kenya ukafungwa Februari 1977. Na bei ya mafuta ilipopanda likaja lile katazo ambalo vijana wa leo ukiwaambia wanadhani unawatania: Jumapili, ikifika saa nane mchana, gari binafsi marufuku barabarani. Kwa hiyo barabara zetu zilizokuwa zimesaidia kuwafundisha Wajapani namna ya kuunda gari gumu, sisi wenyewe Jumapili jioni tulizipita kwa miguu.

Sisemi katazo lilikuwa la kijinga. Nchi isiyo na dola za kununulia mafuta ya matrekta na malori ina haki ya kumuuliza mtu unakwenda wapi. Lakini swali hilo likikaa miaka mingi linaingia damuni. Hata baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao, na Mzee Ruksa kuingia Ikulu mwaka uliofuata, kuendesha gari bila safari yenye maana kumebaki na harufu ya ufisadi.

Kitabu cha Joshua Grace, African Motors, cha 2021, kinaeleza vizuri jinsi mafundi wa nchi hii walivyolifanya gari kuwa lao kwa spana, kwenye gereji bubu, chini ya miembe. Nilikisoma kwa furaha. Nilichokitafuta humo, kwa ubinafsi wangu, ni dereva aliyetoka tu ili aendeshe.

Nina Vitz RS, gia za mkono, cc 1,500. Si toleo la watu 200, lakini mtaani kwangu liko peke yake, na spea nyingine natafuta wiki nzima Gerezani. Jumapili naliwasha naelekea kaskazini: Tegeta, Bunju, navuka Mpiji, naingia Pwani. Mbio hakuna. Kuna matuta yanayonipiga tumbo, na kuna tochi, kwa hiyo vijijini ni hamsini kamili, mguu unatetemeka kwa adabu. Ila kati ya Mapinga na Kerege kuna vipande unaweza kushusha gia ya tatu ukasikia injini inapumua, na hapo gari dogo linakwambia kila kitu barabara inachofanya.

Bagamoyo naegesha Mji Mkongwe, nanunua kahawa. Mara moja mzee mmoja pale barazani alilizunguka gari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umemfuata nani huku?"

"Hakuna, mzee. Nimekuja kuendesha tu."

Nilisubiri hukumu. Akacheka. Akasema zamani alikuwa na Datsun 120Y, akifanya kazi Dar es Salaam, na Jumapili alikuja kumwona mama yake. Ikifika saa sita unusu anaaga. Barabara vumbi na mashimo, na wote waliokuja Bagamoyo wanakimbilia mjini kabla ya saa nane.

"Hiyo ndiyo ilikuwa Safari Rally yetu," akasema.

"Na ulikuwa unawahi?"

"Nyingi niliwahi. Moja nililala Zinga, humo humo ndani ya gari, mpaka alfajiri."