Hachibeki za Mwendo Kasi: Uwezo Uwanjani na Gharama kwa Mnunuzi

Hachibeki za mwendo kasi ni magari madogo yenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo chake, yaliyofungwa injini yenye nguvu kuliko ya toleo la kawaida. Huuzwa kwa sifa mbili: kwamba bei yake ni ndogo kuliko ya magari ya michezo, na kwamba yanaweza kukimbia kwenye uwanja wa mbio bila kubadilishwa. Sifa ya pili ni ya kweli. Ya kwanza ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo humtia hasara mfanyabiashara anayeagiza gari la mteja kupitia Mombasa au Dar es Salaam.

UWEZO WAKE

Aina hii ya magari ilipata umaarufu kwa Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1976, iliyokuwa na nguvu za farasi 110. Leo Honda Civic Type R iliyotoka mwaka 2022 ina nguvu za farasi 330 katika toleo la Japani, kwa injini ya lita 2 yenye turbo.

Kipimo kinachotumiwa zaidi na watengenezaji ni uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, ambao mzunguko wake wa kaskazini una urefu wa zaidi ya kilomita 20. Mwaka 1999 Porsche 911 GT3 iliumaliza kwa dakika 7 na sekunde 56. Mwaka 2014 SEAT Leon Cupra ilikuwa gari la kwanza linalovuta kwa magurudumu ya mbele kushuka chini ya dakika 8. Mwaka 2017 Civic Type R ilitumia dakika 7 na sekunde 43.8. Kwa maneno mengine, gari la kupeleka watoto shule limelipita gari la michezo la kizazi kilichotangulia.

Hata hivyo, rekodi hizo zisomwe kwa uangalifu. Civic ya 2017 ilifungwa vyuma vya usalama ndani na matairi maalumu. Renault Mégane RS Trophy-R, iliyoweka rekodi mwaka 2019, haikuwa na viti vya nyuma, na nchini Uingereza bei yake ilizidi pauni 72,000 ikiwa na breki za seramiki na rimu za kaboni. Gari linalopatikana mnadani si lile lililoweka rekodi.

Vivyo hivyo kwa Toyota. Yaris zilizoshinda Safari Rally mjini Naivasha tangu mashindano hayo yarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ni magari ya mashindano. Toyota GR Yaris inayouzwa kwa umma, iliyoanza mwaka 2020, ni gari jingine, ingawa lenyewe ni hodari: injini ya lita 1.6 yenye silinda tatu, nguvu za farasi 272 katika toleo la kwanza la Japani na 304 tangu mwaka 2024, na huvuta kwa magurudumu yote manne.

KINACHOCHAKAA KWANZA

Uwanjani, injini si ya kwanza kulalamika. Kwenye gari linalovuta kwa mbele, matairi mawili ya mbele hubeba kazi tatu kwa pamoja: kuvuta, kukata kona na sehemu kubwa ya kusimamisha gari. Ndiyo maana huisha mapema kuliko ya nyuma, na siku moja ya mbio yaweza kula kiasi ambacho barabarani kingechukua miezi.

Breki hufuata. Oili ya breki ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya huanza kuchemka kwenye nyuzi joto zisizopungua 230, lakini ikishafyonza unyevu kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni nyuzi 155. Ikichemka, pedeli huzama hadi chini na gari halisimami. Kwa hiyo oili hubadilishwa kabla ya kuingia uwanjani, na pedi hukaguliwa baada ya kutoka.

Joto la injini ni jambo la tatu. Honda yenyewe ilipoiboresha Civic Type R mwaka 2020 ilipanua tundu la hewa la mbele kwa asilimia 13 ili kupunguza joto la maji ya rejeta.

Mafuta nayo yana sharti lake. Injini hizi hutengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango cha Japani huwa na oktani 96 au zaidi. Ya kawaida huanzia 89. Mteja aelezwe hilo kabla hajalipa. Aidha, bima nyingi za kawaida hazilipi ajali iliyotokea uwanjani.

BEI NA USHURU

GR Yaris ya daraja la RZ ilianza kuuzwa Japani kwa yen 3,960,000 mwaka 2020. Civic Type R ya 2022 ilikuwa karibu yen milioni 5. Kwa mwenye bajeti ndogo, Suzuki Swift Sport ilianza chini ya yen milioni 2 mwaka 2017. Nguvu zake ni farasi 140 tu, lakini uzito wake hauzidi tani moja, hivyo matairi na breki zake hudumu zaidi.

Ushuru wa bidhaa hufuata ujazo wa injini na si nguvu za farasi. Nchini Kenya mpaka wa daraja ni cc 1500: Swift Sport iko chini yake, GR Yaris na Civic ziko juu. Tanzania mpaka ni cc 2000, na zote tatu ziko chini yake.

Wakala akipata gari kwa bei poa mnadani, asidhani ushuru utashuka. Kenya hukokotoa kodi kwa kuanzia bei ya rejareja ya gari jipya iliyoorodheshwa na mamlaka ya mapato, ikipunguzwa kwa umri, si kwa ankara ya mnunuzi.

Umri nao una masharti. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Tangu Januari 2025 gari lililoandikishwa mwaka 2017 halipiti. Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu kwa magari madogo yaliyozidi umri huo. Uganda ilizuia magari yenye zaidi ya miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Rwanda haipokei magari madogo yenye usukani wa kulia, hivyo gari la Japani lisiagizwe kwa mteja wa Kigali.

KABLA YA KUTUMA FEDHA

Japani iliuza pia GR Yaris RS yenye bodi ileile lakini injini ya lita 1.5 isiyo na turbo, gia za otomatiki na mvuto wa mbele pekee. Kwa macho hazitofautiki kirahisi. Namba ya chesisi ndiyo shahidi: yenye turbo huanza na GXPA16, RS huanza na MXPA12.

Karatasi ya mnada isomwe yote. Alama ya R au RA humaanisha gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Dalili za matumizi ya uwanjani ni diski zenye nyufa ndogondogo au rangi ya bluu, matairi ya mbele yaliyolika mabegani kuliko ya nyuma, na matundu ya mikanda ya mashindano. Gari la namna hiyo si lazima liachwe, ila bei yake ishuke kwa gharama ya diski, pedi, matairi na klachi.

Kwa msafirishaji, bampa la mbele liko chini na matairi yana ukuta mwembamba. Ngazi ya kupakilia isiyo na mbao za kupunguza mwinuko hukwangua bampa, na gari la IT likiendeshwa kwenye mashimo huharibu rimu kabla ya kufika mpakani. Picha zipigwe bandarini, dereva na mwenye mzigo wakiwepo, kabla gari halijatoka getini.