Pamba Yetu, Nguo Zao: Utandawazi kati ya Jinja na Mbale

Neno "utandawazi" ni changa katika lugha yetu. Lilienea katika magazeti na madarasa katika miaka ya 1990, na tangu hapo wanafunzi wetu wamekuwa wakiandika insha juu yake mwaka baada ya mwaka. Mara nyingi insha hizo huwa orodha mbili: faida upande mmoja, hasara upande wa pili. Orodha hizo si za uongo, ila hazielezi jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: kwa nini biashara ile ile moja huziathiri nchi zilizoendelea kwa namna moja na nchi zinazoendelea kwa namna nyingine? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kufuata bidhaa moja, yaani pamba na nguo, katika eneo moja la mashariki ya Uganda, kutoka Jinja panapoanzia mto Nile hadi Mbale chini ya mlima Elgon.

Yafaa tuanze na ushahidi ulio mikononi mwetu sisi walimu wa lugha. Zamani sana kabla ya neno utandawazi kuundwa, Kiswahili kilikuwa na neno "merikani", au "amerikani", kwa maana ya kitambaa cheupe kisichotiwa rangi. Kitambaa hicho kiliitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts wakawa wanaleta vitambaa Unguja na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kutoka pwani, merikani ilichukuliwa na misafara hadi bara, na hata Buganda, ambako watu walikuwa wakivaa nguo za magome ya miti. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865. Merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Hivyo tayari katika karne ya 19 vita vya nchi ya mbali viliweza kubadili vazi la mtu wa bara ambaye hakupata kusikia habari zake.

Vita hivyo viliwafundisha Waingereza pia. Viwanda vya Lancashire, vilivyotegemea pamba ya Marekani, vilisimama, na maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi. Wenye viwanda hawakulisahau jambo hilo. Mwaka 1902 waliunda chama kilichoitwa British Cotton Growing Association, ambacho kazi yake ilikuwa kutafuta pamba katika makoloni. Reli ya Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1903 K. E. Borup wa Uganda Company akaleta mbegu za pamba Uganda, na kabla ya miaka mingi kupita zao hilo likawa limeenea Busoga, Bukedi na Teso. Mkulima alihitaji fedha za kulipia kodi, na pamba ndiyo iliyompatia fedha hizo.

Mwaka 1908 serikali ilitoa sheria ya pamba. Mashine ndogo za mkono za kuchambulia pamba zilipigwa marufuku, na mbegu zikachaguliwa ili nyuzi zifae mitambo ya Lancashire. Mwaka 1912 ikafunguliwa reli kutoka Jinja hadi Namasagali, ili marobota yapate njia ya kutokea; na mwaka 1931 reli kuu ilivuka Nile kwa daraja la Jinja na kufika Kampala. Tukitazama ramani ya reli hizo tutaona mara moja kwamba hazikujengwa ili mtu wa Mbale amuuzie mtu wa Jinja nguo. Zilijengwa ili pamba iende baharini na nguo zirudi.

Tusiwe wenye kudhulumu historia. Pamba ilileta fedha, na fedha hizo zikalipa karo za shule na kununua mabati na baiskeli. Lakini bei yake ilifuata soko la Liverpool. Mkulima wa Busoga alijua idadi ya magunia yake, ila hakujua yatakuwa na thamani gani. Aliyesokota nyuzi na kufuma nguo ndiye aliyebaki na ufundi, mitambo, na sehemu kubwa ya faida.

Mwaka 1954 mambo yalianza kuchukua sura mpya. Mwezi wa Aprili mwaka huo Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, na Jinja ikapata umeme. Katika miaka hiyo ya 1950 kiwanda cha Nyanza Textile Industries, kinachojulikana zaidi kwa jina la Nytil, kikaanza kusokota na kufuma pamba ya Uganda hapo hapo Jinja. Baadaye Mbale nayo ikapata kiwanda chake, African Textile Mill. Kwa mara ya kwanza tangu siku za merikani, mtoto wa mkulima wa pamba aliweza kuvaa sare ya shule iliyolimwa, iliyosokotwa na kushonwa katika nchi yake. Hapa ndipo penye somo: eneo lile lile, na zao lile lile, lilipata nafasi nyingine katika biashara ya dunia mara lilipoweza kuikamilisha kazi lenyewe.

Ukuaji huo haukudumu, na sababu ya kwanza haikutoka nje. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao wengi wao walikuwa na viwanda vya kuchambulia pamba na maduka ya biashara. Vipuri vikakosekana, mkulima akalipwa kwa kuchelewa au asilipwe, naye akaacha pamba na kupanda chakula. Uganda iliyovuna marobota zaidi ya 400,000 karibu na mwaka 1970 ilivuna chini ya 50,000 katika baadhi ya miaka ya 1980. Kulitupia lawama soko la dunia peke yake kwa msiba huo kungekuwa kuwadanganya wanafunzi wetu.

Hata hivyo, soko la dunia lilikuja kumkuta mgonjwa huyo kitandani. Katika miaka ya 1990, kwa masharti ya wakopeshaji, Uganda ilifungua milango yake. Viwanda vya umma viliuzwa, na nguo za mitumba, ambazo Uganda huitwa mivumba, zikaingia kwa wingi. Basi na tulinganishe na yaliyotokea Lancashire. Viwanda vya huko navyo vilishindwa na ushindani wa Bara Hindi, Hong Kong na Japani. Kwa hiyo si kweli kwamba utandawazi huwaumiza maskini tu. Lakini mwaka 1959 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalipa wenye viwanda ili wavunje mitambo ya kale na kununua mipya. Kisha, kuanzia mwaka 1974 hadi mwisho wa 2004, nchi tajiri ziliweka mapatano ya kuzuia wingi wa nguo kutoka nchi zinazoendelea. Yaani nchi zilizoendelea zilijipa miaka 30 ya kujizoeza na upepo, na mfanyakazi aliyepoteza kazi alikuwa na msaada wa serikali. Mfumaji wa Jinja hakupewa muda wala msaada wa namna hiyo.

Nchi zetu zilipojaribu kujikinga, zilikumbushwa nafasi yao. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na serikali hiyo ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru kwa bidhaa zetu. Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Rwanda ilikataa, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Mwezi wa Agosti 2023, akiwa katika eneo la viwanda la Mbale, Rais Museveni alitangaza kwamba mivumba ipigwe marufuku. Tangazo hilo peke yake halikuikomesha biashara hiyo, wala si ajabu. Mama anayeuza mivumba analisha watoto wake kwa kazi hiyo, na jirani yake wa Nkoma hana fedha za kununua nguo mpya. Kuwakataza hao kabla ya kuwapa badala yake ni kuwatwisha walio dhaifu mzigo wa historia nzima.

Haya yote yanatufikisha katika jibu la swali letu. Nchi iliyoendelea na nchi inayoendelea hukutana katika soko moja, lakini moja huja na bidhaa iliyokamilika, akiba, na sauti katika kutunga masharti. Nyingine huja na mali ghafi. Upepo ukigeuka, zote mbili hutikisika, ila ni moja tu yenye paa. Sehemu kubwa ya pamba ya Uganda ingali inasafirishwa nje haijasokotwa, miaka zaidi ya 120 baada ya mbegu za Borup.

Walimu wenzangu, tunapofundisha neno utandawazi tusiliache likielea hewani. Tuwaulize wanafunzi: shati ulilovaa lililimwa wapi, likasokotwa wapi, na nani aliipanga bei yake? Mwanafunzi atakayeyajibu maswali hayo matatu atakuwa ameuelewa utandawazi kuliko yule aliyekariri orodha mbili za faida na hasara.