Chimbuko la Kadi za Mkopo Zenye Zawadi za Safari

Mwaka 1936 mashirika ya ndege ya Marekani yalianzisha kadi iliyoziwezesha kampuni kununua tiketi na kulipa baadaye. Sheria ya mwaka 1978 ilipolegeza udhibiti wa serikali juu ya nauli, ushindani ulikua, na mwaka 1981 American Airlines ikaanzisha AAdvantage, mpango wa kumlimbikizia abiria maili, yaani pointi zinazobadilishwa kuwa tiketi. Mwaka 1987 Citibank iliziunganisha maili hizo na kadi yake ya mkopo, hata ununuzi wa kawaida ukazaa safari. Bonasi ya kukaribisha, yaani zawadi ya mteja mpya anayefikisha kiwango fulani cha matumizi, ni tunda la ushindani huohuo. Hivyo mteja hana budi kuipima dhidi ya ada na riba, kwani deni lililocheleweshwa humeza thamani ya bonasi hiyo.