Daftari la Teksi: Gharama za Kutengeneza Gari Dogo Kuukuu Mjini Bujumbura

Wengi wetu tunaosoma historia, tukitaka kueleza matatizo ya uchumi wa Burundi, huanza na ripoti za benki na takwimu za serikali. Mimi nimeanza na daftari la baba. Baba ni dereva wa teksi hapa Bujumbura. Tangu mwaka 2009 ameandika kila alicholipa gereji: tarehe, kifaa kilichoharibika, bei ya kifaa, ujira wa fundi, na chini yake kiasi kilichobaki siku hiyo baada ya kutoa mafuta. Kwa kutumia daftari hilo na maelezo ya fundi mmoja mzee wa Buyenzi, nitaonyesha kwamba gari dogo kuukuu halikuwa ghali kulitengeneza kwa sababu ya ufundi. Lilikuwa ghali kwa sababu ya njia ambayo kifaa hupita mpaka kutufikia.

Kwanza tueleze mahali penyewe. Wabelgiji, waliowatoa Wajerumani nchini mwaka 1916, waliupanga upya mji wa Usumbura na kuwaweka Waswahili katika mtaa wa Buyenzi, wenye njia zilizonyooka na kupewa namba. Wakazi wake hawakutegemea shamba wala ng'ombe. Walitegemea biashara na kazi za mikono, na hadi leo mtu wa Bujumbura akiharibikiwa na gari hupelekwa Buyenzi. Hata maneno ya gereji yanasimulia historia hiyo. Fundi mzee husema "buji" na "amotiseri", maneno aliyoyapokea kwa Kifaransa enzi za Peugeot. Vijana waliozoea mizigo ya Dar es Salaam husema "plagi" na "shokapu". Wote wawili wanashika kifaa kilekile.

Fundi huyo anakumbuka vizuri miaka ya vikwazo. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani zilifunga biashara na Burundi, na vikwazo hivyo viliondolewa Januari 1999. Oktoba 1996 vita vilifika Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo upande wa magharibi nao haukuwa wa kutegemewa. "Gari halikusubiri mipaka ifunguliwe, mwanangu," aliniambia. Walikata mipira ya magurudumu makuukuu wakatengeneza bushi, wakakata gasketi kwa mkasi, na gari moja bovu likaliwa na magari matano. Ninaiona miaka ile kuwa shule. Mafundi walijifunza kuishi bila kifaa kipya, na ujuzi huo haukupotea vikwazo vilipoondolewa.

Baadaye Toyota zilizotumika Japani zikajaa barabarani. Huja kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha hupita Kobero kuingia Burundi, usukani ukiwa kulia ingawa sisi huendesha upande wa kulia wa barabara. Baba alianza na Corolla, na mwaka 2017 akanunua Probox, gari lililotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 2002. Ukisoma daftari lake utaona magonjwa yaleyale yakijirudia. Mashimo ya mitaani humaliza shokapu na boljointi. Mlima wa Bugarama hupasha injini moto, kwa kuwa gari hutoka kando ya ziwa, chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, likapanda mpaka zaidi ya mita 2,000 kwa safari isiyofika kilomita 40. Rejeta iliyoziba haivumilii hapo. Maji yakiisha, gasketi ya silinda huungua. Wakati wa kurudi, mteremko uleule hula breki.

Tuchukue mfano wa breki za mbele, kwa sababu kazi ya kuzibadilisha ni karibu ileile katika Corolla na katika Probox. Mwaka 2010 baba alinunua vibao vya breki kwa faranga 15,000 na kumlipa fundi 5,000. Siku hiyo alibakiwa na 15,000 baada ya mafuta. Mwaka 2024 vibao vilikuwa 90,000, ujira 10,000, na siku njema ya kazi ilimwachia 30,000. Tukihesabu kwa faranga, kila kitu kimepanda. Lakini faranga yenyewe imebadilika, na Mei 2023 Benki Kuu iliishusha thamani. Ndiyo maana nimeamua kupima kwa siku za kazi. Kwa kipimo hicho, vibao vilimgharimu baba siku moja mwaka 2010, na siku tatu mwaka 2024. Ujira wa fundi ulikuwa theluthi ya siku wakati ule, na ni theluthi ya siku hata sasa. Daftari moja haliwezi kusema kwa niaba ya mji mzima, lakini linatupa swali zuri: kwa nini mkono wa fundi umebaki palepale huku kifaa kikipanda mara tatu?

Jibu ninaliona katika pampu ya mafuta. Kifaa hununuliwa kwa dola na dola ni adimu. Mafuta nayo hununuliwa kwa dola, na katika miaka hii madereva wamelala kwenye foleni za vituo. Pampu ya Probox imo ndani ya tangi, na mafuta yanayoizunguka ndiyo yanayoipoza. Gari likiendeshwa kila siku tangi likiwa karibu tupu, pampu hupata moto. Likijazwa mafuta ya chupa yaliyochanganyika na maji au uchafu, hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo uhaba uleule unaopandisha bei ya pampu ndio unaoiua pampu. Dereva anaulipia mara mbili, na ukiongeza siku alizopoteza kwenye foleni, mara tatu.

Haya hayakuwa maneno matupu nyumbani kwetu. Mwaka 2024 pampu ya baba ilikufa. Fedha aliyokuwa ameniwekea kwa ajili ya kompyuta ya kuandikia kazi za chuo ndiyo iliyonunua nyingine, iliyotumika, kwenye duka moja mjini. Ilidumu wiki tatu. Mwenye duka alikataa kuibadilisha. Baba alipokopa na kununua ya pili, fundi aliifunga bila kudai chochote. "Mzee, kazi hii ulishanilipa," alisema. Katika daftari, kwenye nafasi ya ujira, baba ameandika sifuri.

Sifuri hiyo ndiyo hitimisho langu. Kifaa kina bei ambayo Buyenzi haiwezi kuipunguza, kwa kuwa inapangwa bandarini, mpakani na kwenye soko la dola. Kitu pekee kinachoweza kupunguzwa ni ujira wa fundi, na kwa hiyo ndicho kinachopunguzwa kila mara. Tunawasifu mafundi wa Buyenzi kwa werevu wao, na wanastahili. Lakini mwanahistoria anapaswa pia kuuliza ni nani aliyebeba gharama ya werevu huo. Nawaomba wenzangu watafute madaftari kama haya majumbani kwao kabla panya hawajayamaliza.