Kutoka mti wa kuchimbia hadi trekta, na kurudi

Ukitaja teknolojia, watu hukimbilia kompyuta na simu. Leo tuziweke kando kidogo tuangalie vyombo vya kutayarisha shamba, maana navyo vina matoleo yake kama programu.

Toleo la kwanza lilikuwa mti uliochongwa ncha na kukaushwa kwa moto ili uwe mgumu. Mkulima alitoboa mahali pa mbegu tu, kwingine akaacha kulivyo. Kisha chuma kikaja. Kando ya Ziwa Victoria watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na wahunzi wa Samia, magharibi mwa Kenya, walisifika kwa majembe. Jembe lilikuwa mali: liliuzwa mbali, na hata mahari ililipwa kwa majembe. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Majembe ya viwandani kutoka Uingereza yakaingia kwa bei nafuu, na wahunzi wakapoteza soko.

Plau la kukokotwa na ng'ombe limetumika Ethiopia kwa karne nyingi, lakini Kenya lilikuja na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Kati ya vita viwili vikuu vya dunia lilikuwa limeanza kuenea Ukambani. Huko mvua ni ya muda mfupi, na anayechelewa kupanda huvuna mabua, kwa hivyo plau liliokoa wakati. Tatizo ni kwamba liliharakisha kazi moja tu. Mwanamume alishika plau na shamba likapanuka, lakini palizi ikabaki kwa mwanamke na jembe lake lile lile.

Trekta nayo ilikuja na ahadi kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Tanganyika, ikilenga kulima zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa ndiko walikoanzia. Matrekta na mabuldoza yalipambana na mizizi migumu, mchanga ukala vyuma, na mvua ilipokwisha udongo wa mfinyanzi ukakauka kama tofali. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula takriban pauni milioni 36. Nguvu ya injini ilikuwepo, lakini hawakuujua udongo waliokuwa wakiulima.

Hata mashamba yaliyolimika vizuri yalipata shida nyingine. Ukilima kwa plau au trekta kina kile kile miaka nenda miaka rudi, chini hutokea tabaka gumu. Maji hayapenyi, mizizi inakwama, na jua likiwaka siku chache mahindi yananyauka ingawa mvua ilinyesha.

Dawa mojawapo ni ripa, chuma chembamba kinachovutwa na ng'ombe au trekta. Hakipindui udongo. Hupasua mstari wa mbegu tu na kuacha kwingine kumefunikwa na mabua. Ndiyo akili ya ule mti wa kuchimbia, ila sasa ina chuma na nguvu ya kuvuta.

Kwa hivyo kabla hujalipia trekta msimu ujao, chimba shimo la futi moja na nusu hivi, kisha choma ukuta wake kwa kisu kutoka juu kwenda chini. Kisu kikigoma ghafla mahali pamoja, na mizizi imepinda hapo hapo, shida yako iko chini ya plau. Kulima tena kwa kina kile kile hakutaiondoa.