Kioja na udondoaji wake

Jumanne ya tarehe 7 Juni 2016, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, umeme ulikatika Kenya nzima. Baadaye kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, ikaeleza kilichotokea. Tumbili alikuwa amepanda paa la kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine ikaelemewa na mzigo, nayo ikazima. Zaidi ya megawati 180 zikapotea, gridi ya taifa ikaanguka, na zikapita zaidi ya saa tatu kabla ya umeme kurudi. Tumbili mwenyewe alitoka mzima, akakabidhiwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Habari ya namna hii tuiiteje? Si ya siasa, si ya michezo, na kwenye kurasa za biashara haikai ikatulia. Wafaransa wana kapu liitwalo faits divers, yaani mambo mbalimbali, ambamo wizi, ajali na maajabu hulala pamoja. Magazeti ya Uingereza na Marekani yana safu maalumu za mambo ya ajabuajabu, na siku hizi kuna watu ambao kazi yao ni kuyasaka mtandaoni kutwa nzima. Wafasiri wetu wanapokutana na safu hizo huandika "habari za ajabu", wakaendelea na safari. Nadhani tuna neno zuri zaidi. Kwanza tuyapime yaliyo jirani nalo.

"Ajabu" ni pana mno. Bahari ni ajabu, mtoto kuzaliwa ni ajabu, na hakuna anayekuuliza ilikuwa siku gani. "Shani" ina sifa ndani yake: jambo la shani ni adimu na linapendeza, nao waliokatikiwa umeme siku ile hawakuona la kupendeza. "Muujiza" unadai mkono wa Mungu moja kwa moja. Hapa mkono ulikuwa wa tumbili.

"Kituko" kinakaribia, ila mara nyingi kina mwenyewe, na mwenyewe hukifanya akijua anatazamwa. Tukisema fulani ana vituko, tunasema habari za tabia yake. Tumbili wa Gitaru hakuwa na hadhira. "Udaku" nao unataja pua ya mwandishi kuliko jambo lenyewe: magazeti ya udaku hutaka kujua nani kaingia chumba cha nani, na habari nyingi za ajabu hazina haja ya chumba cha mtu. Vijana wametuongezea "kiki", ambayo ni jina la nia. Anayetafuta kiki hutengeneza ajabu ili atajwe.

Linabaki neno "kioja". Kamusi hulieleza kuwa ni jambo la kushangaza, basi. Lakini sikiliza linavyotumika. Mtu akirudi kutoka sokoni akasema, "Leo nimeona kioja," kila aliye barazani hugeuka, na swali la kwanza huwa, "Wapi?" Neno lenyewe linaita maswali. Waliokua Kenya watakumbuka Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho kilichorushwa miaka mingi na shirika la utangazaji la taifa. Kesi zilikuwa za kubuni, lakini mpango wake ulikuwa wa busara: kioja kiliwekwa kizimbani, kikaulizwa maswali mbele ya hakimu.

Hapo ndipo ninapochota ufafanuzi wa istilahi hii kwa matumizi ya uandishi wa habari. Kioja (nomino, ngeli ya ki-vi) ni habari ya tukio lililotokea kweli, lenye mahali na siku, ambalo anayelisikia mara ya kwanza hulidhania uongo. Nusu ya kwanza ya ufafanuzi ndiyo inayobeba uzito. Ikiwa tukio halikutokea, huo ni uzushi, hata uchekeshe namna gani. Ikiwa liliandikwa kwa makusudi ya kudhihaki, na mwandishi anatarajia tuelewe hivyo, hiyo ni tashtiti. Yote matatu huja kwenye simu yakiwa yamevaa nguo moja: kichwa kikubwa, picha moja, na kidole kinachotaka kusambaza.

Sasa tuje kwenye kitendo. Kumwita mtu "mkusanyaji wa vioja" si kosa, lakini kukusanya hakusemi mkono ulifanya nini. Kiswahili kina kitenzi kinachosema: kudondoa. Mtazame kuku uani baada ya mahindi kupukuchuliwa. Hazoi. Anainamisha kichwa, anageuza jicho moja, anachukua punje, anaacha kokoto. Ndiyo maana tukinukuu sehemu ndogo ya maandishi tunaiita dondoo. Gazeti la Taifa Leo la Nairobi nalo limeita Dondoo safu yake ya visa vifupi vya kuchekesha, vile vya kalameni aliyefumaniwa na buda aliyetoroka bila viatu. Napendekeza basi tuseme udondoaji wa vioja, na anayeufanya ni mdondoaji. Kinyume chake ni kuzoa: kinachoangukia kwenye kiganja chote kinaingia gunia, takataka na yote.

Udondoaji ni wa zamani kuliko intaneti. Mmarekani Charles Fort, aliyezaliwa 1874 na kufariki 1932, alikaa miaka mingi katika maktaba za New York na London akipekua magazeti na majarida ya sayansi. Alikuwa akinakili kwenye vikaratasi vidogo kila tukio ambalo wataalamu hawakulipatia mahali: vyura walionyesha kama mvua, samaki walioanguka nchi kavu, mawe yaliyotoka mbinguni. Mwaka 1919 alichapisha The Book of the Damned, na kwa hao "waliolaaniwa" hakumaanisha watu wa motoni. Alimaanisha taarifa zilizofukuzwa mlangoni na sayansi. Fort alipenda kuwacheka wataalamu, na nadharia zake nyingine hazishikiki, lakini utaratibu wa vikaratasi vyake uliishi. Mwaka 1988 Chuck Shepherd alianza kusambaza kwa magazeti ya Marekani safu iitwayo News of the Weird. Mwaka 1999 Drew Curtis akaanzisha Fark, ambako wasomaji hutuma linki za habari za ajabu na kuzipachika vichwa vya mzaha.

Kuzoa nako kuna historia yake. Novemba 2012 gazeti la Marekani la tashtiti, The Onion, lilitangaza kuwa Kim Jong-un, kiongozi wa Korea Kaskazini, ndiye mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani kwa mwaka huo. Tovuti ya People's Daily, gazeti la chama tawala cha China, iliipokea kwa uso mkavu, ikachapisha taarifa hiyo pamoja na picha 55 za kiongozi huyo. Dhihaka ikaingia gunia la habari. Waliofanya hivyo hawakuwa watoto. Ni wahariri waliosoma maneno bila kuuliza nani anayasema na kwa nia gani.

Linganisha na kilichotokea Makueni, Kenya. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku. Picha zake zilipoanza kuzunguka, ilikuwa rahisi kucheka: chuma kutoka mbinguni, tena siku mbili kabla ya Mwaka Mpya! Fort angeinakili bila kupumua. Lakini mdondoaji wa leo alikuwa na pa kuuliza. Wapi? Mukuku. Lini? Siku ile. Nani kasema? Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililofika na kuichukua pete hiyo. Kwa nini? Kwa uchunguzi wa awali, shirika lilieleza kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, na kwamba vitu hivyo kwa kawaida huungua vinapoingia katika angahewa au huangukia mahali pasipo na watu, kama baharini.

Swali la nne ndilo linalofanya kioja kiwe na faida baada ya kicheko kuisha. Kwa tumbili mmoja, msomaji asiyejua umeme alielewa kwamba gridi ni kama watu waliobeba jeneza: mmoja akiteleza, uzito hauendi chini kwanza, huhamia mabega ya wenzake. Kwa pete ya Mukuku, mkulima alijua kwamba juu ya shamba lake kuna vyuma vinavyozunguka. Uzushi hauwezi kukupa hilo, kwa kuwa ukiuliza sababu yake utaipata kwa mtungaji, huko duniani hutaikuta.

Mimi hudondoa kwenye daftari la kawaida la kurasa mia. Kila kioja kina mistari minne, mmoja kwa kila swali. Kisichotimiza minne hukihamishia kurasa za nyuma, ambako juu nimeandika neno moja: "Bado."

Juzi usiku mpwa wangu alinitumia picha ya mbuzi aliyesimama juu kabisa ya nguzo ya umeme. "Mjomba, hii ni kweli tupu, iko Tanga." Kabla sijajibu, picha ileile ikaingia kutoka kundi jingine, nayo ikasema ni Kisumu. Nikamwandikia: "Baba, siku gani?" Alama mbili za buluu zimeonekana, jibu halijaja. Mbuzi yuko nyuma ya daftari, na mstari wake wa kwanza una miji miwili.