Ukalimani wa Fedha katika Mwambao wa Rumonge

Ukalimani wa shughuli za fedha katika mwambao wa Burundi una umri mkubwa kuliko benki. Katika karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walitoka Ujiji, ambako shanga zilitumika kama fedha, wakafuata Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini. Bei na deni vilihitaji mtu anayejua Kiswahili na Kirundi. Wajerumani walikitumia Kiswahili katika utawala; Wabelgiji, waliowafuata mwaka 1916, wakakikweza Kifaransa.

Mgawanyo huo haujaisha. Mikataba ya benki na bima huandikwa kwa Kifaransa, ilhali soko la mawese na samaki la Rumonge huzungumza Kirundi na Kiswahili. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2012 CRDB ya Tanzania na KCB ya Kenya zikaanza kazi Bujumbura, na Kiingereza kikaongezeka mezani.

Hapo mkalimani hubeba mali ya watu. Aliyeweka dhamana akishindwa kulipa mkopo, hupoteza mali. Aliyekata bima akipatwa na hasara, hulipwa fidia. Mkalimani akiyachanganya maneno hayo mawili, muuza mawese atatia saini asichokijua.